Cheti si pumzi

Ukitoka Manyoni kwenda Singida kwa barabara kuu utapita mahali paitwapo Mkiwa, katika Wilaya ya Ikungi. Ni njia panda. Anayekwenda Singida, Nzega na Mwanza hushika njia yake moja kwa moja. Anayekwenda Itigi, Rungwa na hatimaye Mbeya hukata kona hapo. Ni nchi ya alizeti, ya kuku na ya asali, nchi ambayo mvua yake ni chache na maji hutafutwa ardhini. Bahari iko mbali, mamia ya kilometa. Sasa mtu anaweza kuuliza: ikiwa mazungumzo ya wiki hii ni juu ya shule za kufundisha watu kuzama chini ya maji, yanamhusu nini mkazi wa Mkiwa?

Yanamhusu kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba mabasi yaendayo Mwanza hupita mbele ya mlango wake, na ndani ya mabasi hayo wamo ndugu zake wanaokwenda kupanda meli na vivuko vya Ziwa Victoria. Watu wa bara hufa majini kama wa pwani. Ya pili ni kwamba mkazi wa njia panda anajua jambo moja kuliko sisi wa mijini: anajua tofauti ya mtu mwenye leseni na mtu anayejua kuendesha gari. Kila siku malori na mabasi humpita. Ameona dereva anayepunguza mwendo bila kuambiwa, na ameona mwenye leseni safi mfukoni aliyeliingiza lori mtaroni mchana kweupe. Hilo la leseni na udereva ndilo kiini cha mazungumzo yetu leo.

Kwanza niondoe utata wa maneno. Vijana wa mjini wakisikia neno kuzamia, hufikiri habari ya kujificha melini ili kufika Ulaya. Huko siko ninakokwenda. Nazungumzia kuzamia kwa maana yake ya asili: mtu kushuka chini ya maji, kufanya kazi au kutazama, kisha kurudi juu akiwa hai. Mambo ni hayo matatu, na la tatu ndilo gumu.

Kuzamia ni kazi ya zamani sana katika bahari yetu ya Hindi, na historia yake haina furaha. Katika karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, watu wengi kutoka Afrika ya Mashariki walipelekwa utumwani katika nchi za Ghuba. Baadhi yao waliwekwa kwenye mashamba ya mitende, na wengine wakapelekwa kwenye majahazi ya kutafuta lulu. Mzamiaji wa lulu alibanwa pua kwa kibano, akafungwa jiwe mguuni ili ashuke upesi, akapewa kikapu cha kutia chaza. Juu ya chombo alikaa mwenzake, mvutaji, aliyeshika kamba. Mzamiaji alipoitikisa kamba, mvutaji alimvuta juu. Pumzi ilikuwa ile moja aliyoshuka nayo kifuani.

Msikilizaji, tazama uchumi wa kazi hiyo. Nahodha alikopa kwa mfanyabiashara, na mzamiaji akakopa kwa nahodha kabla ya msimu kuanza, ili aache chakula nyumbani. Msimu ulipokwisha hesabu ilipigwa, na mara nyingi mzamiaji alikutwa bado anadaiwa, kwa hiyo msimu uliofuata alirudi tena majini kulipa deni. Aliyekuwa mtumwa hakupata hata hesabu hiyo, kwa maana ujira wake ulichukuliwa na bwana wake. Biashara hiyo ilivunjika pale lulu za kufugwa za Wajapani, ambazo Mikimoto Kokichi alianza kuzipata mwaka 1893, zilipofurika masokoni katika miaka ya 1920, na mdororo wa uchumi wa dunia ulioanza mwaka 1929 ukaimalizia.

Na elimu je? Hapakuwa na shule wala cheti. Mdogo alijifunza kwa mkubwa. Lakini kulikuwa na kipimo kimoja ambacho hakikuwa na hila: mvutaji. Yeye aliishika kamba, naye aliiona hatari kwa macho yake. Mvutaji mvivu alijulikana jahazi zima, na hakuna aliyetaka kushuka chini ya mkono wake. Kipimo cha ubora kilikuwa mikononi mwa walioweza kufa. Tulikumbuke neno hilo, maana huko mbele tutaona kipimo hicho kikihamia kwa watu wengine.

Baadaye likaja jambo jipya, nalo ni hewa iliyogandamizwa. Mtu akishuka kwa pumzi yake mwenyewe, mapafu yake husinyaa anaposhuka na kurudi ukubwa wake anapopanda. Lakini mtu akivuta hewa akiwa chini, sheria hubadilika. Juu ya maji tunabeba mgandamizo wa hewa wa kiasi kimoja. Ukishuka meta 10 mgandamizo huwa mara mbili, meta 20 mara tatu, na kuendelea. Chukua puto, lijaze hewa ukiwa meta 10 chini, lifunge, kisha liachie. Likifika juu litakuwa limetanuka mara mbili, au limepasuka. Mapafu ya binadamu ni puto hilo. Mzamiaji anayetumia mtungi akiingiwa na hofu, akabana pumzi na kukimbilia juu, anaweza kuyapasua mapafu yake hata kama alikuwa kwenye maji ya kina kifupi tu, kama kile cha bwawa la kuogelea. Ndiyo sababu amri ya kwanza ya mwalimu yeyote wa kuzamia ni hii: usibane pumzi kamwe.

Hatari ya pili ni ya taratibu. Hewa tunayovuta sehemu yake kubwa ni naitrojeni. Chini ya mgandamizo, gesi hiyo huingia katika damu na nyama za mwili kama gesi ilivyoingizwa ndani ya chupa ya soda. Ukiifungua chupa polepole, gesi hutoka bila fujo. Ukiifungua ghafla, povu hurukia nguo. Mzamiaji anayepanda haraka baada ya kukaa chini muda mrefu huwa ndiye ile soda: mapovu hutokea mwilini, viungo huuma, na anaweza kupooza au kufa. Wajenzi wa daraja la Brooklyn mjini New York waliyapata hayo walipofanya kazi ndani ya masanduku ya hewa chini ya mto. Mhandisi mkuu wao, Washington Roebling, aliugua mwaka 1872 na hakupona vizuri, hata daraja lilipofunguliwa mwaka 1883. Ilikuwa hadi mwaka 1908 ndipo mwanasayansi wa Uingereza, John Scott Haldane, baada ya majaribio aliyoyafanya kwa mbuzi, alipotoa majedwali ya kumwambia mzamiaji apande kwa hatua zipi na asimame wapi.

Nimeyaeleza hayo kwa kirefu kwa sababu moja. Mvuvi wa Nungwi au wa Ukerewe anaweza kuwa bingwa wa kuogelea, akajua mikondo na upepo kuliko profesa, na bado akafa kwa mtungi wa hewa, kwa kuwa ujuzi wake wa asili unamwambia abane pumzi. Imetokea katika mwambao wetu kwamba wavuvi wa majongoo ya bahari wamepewa mitungi na matajiri bila kufundishwa chochote, wakashuka mara kwa mara kwa siku moja, na baadhi yao wakarudi nyumbani na miguu isiyosimama. Na vyumba vya kutibu ugonjwa huo, ambamo mgonjwa hurudishiwa mgandamizo na kuupunguziwa pole pole, ni ghali na ni vichache mno huku kwetu. Tajiri hununua majongoo kwa kilo, lakini miguu ya mzamiaji haimo katika hesabu yake.

Sasa tuingie kwenye shule zenyewe. Mwaka 1943, Wafaransa wawili, ofisa wa jeshi la majini Jacques Cousteau na mhandisi Émile Gagnan, walitengeneza kifaa cha kumpa mzamiaji hewa kadiri anavyovuta, akiwa ameubeba mtungi mgongoni. Vita ilipokwisha, vifaa hivyo vikaanza kuuzwa madukani. Mtu yeyote mwenye fedha aliweza kununua, akaenda ufukweni na kujitosa. Wengine hawakurudi. Ndipo kukawa na haja ya kufundisha.

Njia mbili zilizaliwa. Njia ya kwanza ni ya klabu. Uingereza ilianzisha klabu yake ya wazamiaji, British Sub-Aqua Club, mwaka 1953. Mwanachama alilipa ada, akafundishwa na wanachama wenzake waliotangulia, bila mshahara, jioni baada ya kazi. Masomo yalikuwa ya miezi. Mwalimu hakupata senti kwa kumpasisha mtu, na tena mwanafunzi huyo ndiye ambaye kesho yake angekuwa mwenzake chini ya maji. Kwa hiyo hakuwa na haraka ya kumpasisha mzembe. Ni kama yule mvutaji wa kamba: ubora ulilindwa na mtu mwenye sababu ya kuulinda. Lakini njia hiyo ilikuwa na kasoro zake. Ilikuwa ya polepole, ilifaa watu wenye muda, na mara nyingine ilikuwa na ukali wa kijeshi uliowafukuza wengi, hasa wanawake na watu wa umri mkubwa.

Njia ya pili ni ya duka. Huko Marekani, serikali ya wilaya ya Los Angeles ndiyo iliyotangulia kuandaa mafunzo ya walimu wa kuzamia katikati ya miaka ya 1950. Kisha vikaja vyama vya walimu: NAUI mwaka 1960, na PADI mwaka 1966. PADI ilianzishwa na watu wawili, John Cronin na Ralph Erickson. Mmoja alikuwa muuzaji wa vifaa vya kuzamia, mwingine mwalimu wa kuogelea. Msikilizaji, ungetaka kuielewa biashara hii nzima kwa sentensi moja, ni hiyo: muuzaji na mwalimu waliketi meza moja.

Tuwe waadilifu. Meza hiyo ilizaa mambo mema. Masomo yaliandikwa hatua kwa hatua, ili mwanafunzi wa Mombasa na mwanafunzi wa Chicago wafundishwe jambo lile lile kwa mpangilio ule ule. Mwanafunzi asiyeweza kuogelea meta 200 na kuelea dakika 10 hapewi cheti. Mwalimu mmoja haruhusiwi kwenda na wanafunzi zaidi ya wanane baharini, na hata hao ni wakati hali ya maji inaruhusu. Cheti cha kwanza kinahitaji mizamio isiyopungua minne baharini au ziwani, na mwenye cheti hicho anaambiwa asishuke zaidi ya meta 18. Hayo si maneno matupu. Mamilioni ya watu wamezama na kurudi salama kwa kuyafuata.

Lakini kila biashara ina mdomo wake wa kulisha. Katika njia ya duka, fedha haziingii kwa sababu mwanafunzi ameelewa, ila kwa sababu ameandikishwa, amenunua kitabu, amepewa kadi, kisha akanunua miwani, mapezi na suti. Duka linaweza hata kuuza mafunzo kwa bei ya hasara, likijua faida itatoka kwenye vifaa. Chama cha walimu hupata ada za mwaka kutoka kwa walimu na malipo kwa kila kadi. Mwalimu naye mara nyingi hulipwa kwa kichwa. Mwanafunzi akifeli, ni mwalimu anayepoteza muda. Akipasi, wote wanafurahi: mwanafunzi, mwalimu, duka na chama. Mtu pekee asiyekuwepo katika furaha hiyo ni yule atakayezama naye mwezi ujao.

Ndipo masomo yaliyokuwa ya miezi yakawa ya wiki, na ya wiki yakawa ya siku tatu au nne. Wengine husema ni kwa sababu mbinu za kufundisha na vifaa vimekuwa bora, na kuna ukweli ndani yake. Wengine husema ni kwa sababu likizo ya mtalii ni wiki moja, naye hataki kuitumia yote darasani. Na hapo pia kuna ukweli. Hata mwalimu mwenyewe, katika mfumo ulioenea zaidi, anaweza kufanya mtihani wa ualimu akiwa ameshazama mara 100 tu. Msikilizaji, mara 100 zinaonekana nyingi. Lakini mwulize dereva wa lori pale Mkiwa kama mtu aliyeendesha gari mara 100 anafaa kumfundisha mwingine kupita milima ya Sekenke usiku wa mvua.

Mwaka 2007 Shirika la Kimataifa la Viwango, yaani ISO, lilitoa viwango vya mafunzo ya wazamiaji na ya walimu wao, namba 24801 na 24802. Ilikuwa hatua nzuri, kwa sababu kabla ya hapo aliyetunga mtihani, aliyefundisha na aliyeuza cheti walikuwa watu wa nyumba moja. Hata hivyo kiwango cha ISO ni kiwango cha chini kabisa. Kinasema chini ya hapa usishuke. Hakisemi hapa panatosha.

Biashara hii ilifikaje kwetu? Kenya ilitangulia. Mwaka 1968 ilitangaza hifadhi za bahari za Malindi na Watamu, na hoteli za mwambao zikafungua vituo vya kuzamia. Huku kwetu, mlango ulifunguka baada ya mageuzi ya uchumi ya miaka ya 1980, watalii walipoanza kumiminika Zanzibar. Vituo vikaota Nungwi, Kendwa na kwingineko Unguja, halafu Pemba. Mwaka 1994 sheria ya hifadhi za bahari ilipitishwa Bara, na mwaka 1995 hifadhi ya Mafia ikazaliwa. Leo mtalii anayetaka cheti cha kwanza visiwani hulipa kwa kawaida kati ya dola 400 na 600 hivi.

Fedha hizo huenda wapi? Kuna kompresa ya kujaza mitungi, ambayo chujio lake likichoka huingiza sumu kwenye hewa. Kuna mitungi yenyewe, inayotakiwa kupimwa kila baada ya muda. Kuna boti, petroli, kodi, leseni, bima, hewa ya oksijeni ya dharura, vitabu na ada za kadi zinazokwenda ng'ambo. Kinachobaki hugawanywa kati ya mwenye kituo na mwalimu. Kituo kinachotaka kushusha bei ili kimpite jirani yake hakiwezi kushusha bei ya petroli. Kinachoweza kupunguzwa ni vitu visivyoonekana na mteja: chujio, upimaji wa mitungi, oksijeni, na muda wa mwalimu. Kwa hiyo mteja anayefurahia bei ya chini mara nyingi hajui alichopunguziwa.

Na kijana wetu yuko wapi katika hesabu hiyo? Kwa miaka mingi alikuwa nahodha wa boti na mbebaji wa mitungi. Wachache wamepanda wakawa viongozi wa mizamio, na wachache zaidi wakawa walimu. Vikwazo vyake si woga wa maji. Kikwazo cha kwanza ni ada kwa dola. Cha pili ni vitabu vya lugha ya kigeni. Cha tatu, ambacho wengi hawakitaji, ni kuogelea. Watoto wengi wa visiwa vyetu, hasa wasichana, hukua hatua chache kutoka baharini bila kufundishwa kuogelea. Nungwi kulianzishwa mradi uitwao Panje, uliowafundisha wasichana kuogelea wakiwa wamevaa mavazi ya kusitiri mwili, na waliojua wakawafundisha wengine. Hilo ni somo la uchumi kwetu: mwalimu aliyetoka kijijini habebi gharama ya ndege, na akishafundishwa mara moja habanduki.

Mfano mwingine ni kisiwa cha Chumbe, karibu na mji wa Unguja, kilichotangazwa hifadhi mwaka 1994. Huko wavuvi wa zamani walifundishwa wakawa walinzi na waelekezi wa matumbawe. Hakuna mitungi inayoruhusiwa kwa wageni, wanatazama kwa miwani na kipumulio tu. Kipato kipo, na vifaa ni vya bei ndogo.

Lakini ndugu zangu, nisingetumia muda wa redio kuzungumzia starehe ya watalii peke yake. Upande wa pili wa jambo hili ni msiba.

Asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996, meli ya MV Bukoba ilipinduka ikikaribia Mwanza. Mamia ya watu walikufa. Hesabu rasmi ilikaribia 900. Kwa muda, tumbo la meli lilibaki juu ya maji, na waliokuwa ndani waligonga chuma wakisikika. Ilipotobolewa ili kuwaokoa, hewa iliyokuwa imenaswa ndani, hiyo hiyo iliyokuwa ikiishikilia meli na kuwapa watu pumzi, ikatoka, na meli ikazama. Huo ulikuwa mtihani mchungu wa elimu ile ile ya hewa na mgandamizo. Wazamiaji wa kutoa miili ndani ya meli ilibidi watoke Afrika Kusini. Nchi yenye Tanganyika, Victoria, Nyasa na mwambao mrefu wa bahari iliazima wazamiaji.

Miaka 15 baadaye, tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander ilizama kati ya Unguja na Pemba. Miili zaidi ya 200 ilipatikana, na mamia ya watu hawakuonekana tena. Watu wa vituo vya kuzamia vya Nungwi walitoka na boti zao kuokoa. Wazamiaji waliitwa tena kutoka Afrika Kusini, lakini meli ilikuwa imelala kwenye kina kisichofikika, penye mkondo mkali.

Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara, watu 228 wakafa. Siku mbili baadaye, wazamiaji walimkuta fundi wa mitambo akiwa hai ndani, katika chumba kilichobaki na hewa. Hao walikuwa wazamiaji wetu. Ni hatua kubwa kutoka mwaka 1996, na inafaa tuseme hivyo bila kuona haya. Lakini tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air ilipotumbukia ziwani karibu kabisa na uwanja wa Bukoba, ikiwa na watu 43, wa kwanza kufika walikuwa wavuvi kwa mitumbwi yao. Kijana Majaliwa Jackson alisaidia kuufungua mlango kwa kasia. Watu 24 waliokoka, 19 wakafa. Kijana huyo alisifiwa, akapewa zawadi na nafasi katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Vyema. Lakini swali linabaki: kwa nini tulimpeleka shuleni baada ya ajali, wala si kabla?

Kwa jirani zetu Kenya, tarehe 29 Septemba 2019 gari lilirudi nyuma likatumbukia kutoka kwenye kivuko cha Likoni, ndani yake akiwamo mama na bintiye. Ilichukua siku 13 kuwatoa. Gari lilikuwa meta 58 chini. Hapo ndipo kadi inapotofautiana na elimu. Cheti cha mtalii kinaishia meta 18. Hata uzamiaji wote wa starehe huishia meta 40. Zaidi ya hapo ni fani nyingine: gesi za kuchanganya, vituo vya kusimama wakati wa kupanda, kamba, mawasiliano, timu ya juu na mganga aliye tayari. Huwezi kuinunua fani hiyo kwa siku nne, na hakuna duka litakaloiuza kwa hasara ili likuuzie mapezi.

Basi mzamiaji wa uokoaji hawezi kuzaliwa na soko la utalii. Soko litafundisha kile ambacho mteja analipia, na mteja analipia samaki wa rangi rangi. Hakuna mtalii anayelipa dola 500 afundishwe kutafuta maiti kwenye tope la Ziwa Victoria, mahali ambapo huoni hata mkono wako. Gharama ya elimu hiyo ni ya umma, kama ilivyo gharama ya askari na ya mkunga. Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ya mwaka 2007 ililiweka neno uokoaji katika jina lake. Jina hilo ni deni.

Napendekeza mambo matatu tuyafikirie. La kwanza, anayefundisha asiwe ndiye anayetahini. Hata kwa madereva wa mabasi tulilijua hilo: shule ya udereva inafundisha, lakini leseni hutoka kwingine. Kituo cha kuzamia kitoe mafunzo, lakini upimaji wa kompresa, mitungi na oksijeni ufanywe na mkaguzi ambaye halipwi na kituo hicho. La pili, elimu ya hewa na mgandamizo iandikwe kwa Kiswahili chepesi na imfikie mvuvi. Maneno usibane pumzi na panda polepole hayahitaji Kiingereza. La tatu, kuogelea kufundishwe shuleni popote penye maji, na wavuvi ambao daima ndio wa kwanza kufika kwenye ajali wapewe mafunzo na vifaa mapema, wahesabiwe kuwa sehemu ya uokoaji wa taifa.

Kuna kanuni moja ambayo vyama vya kuzamia, vya klabu na vya duka, humfundisha mwanafunzi wa mwanzo: mzamiaji hashuki peke yake. Kila mmoja ana mwenzake, na kila mmoja hukagua vifaa vya mwenzake kabla ya kuingia majini, kwa sababu hewa ya mmoja ni akiba ya mwingine. Katika Kiswahili, mtu aliyeachwa peke yake bila wa kumsaidia tunamwita mkiwa. Jina la ile njia panda ya Ikungi linatukumbusha neno hilo. Kilichotokea mwaka 1996 ni kwamba tuliwaacha watu wetu wakiwa, wakigonga chuma, na sisi juu hatukuwa na kamba wala mvutaji.

Cheti ni karatasi, na karatasi ikilowa huharibika. Watu waliofundishwa sawasawa ndio wanaobaki. Basi tunapoona kibao kinachotangaza mafunzo ya siku tatu kwa bei nafuu, yawe ya kuzamia, ya udereva au ya kazi nyingine yoyote inayoshika roho za watu, tuulize kwanza: mwalimu huyu analipwa kwa ajili ya nini, na ni nani atakayemwambia mwanafunzi kwamba bado hajawa tayari?